Kuonja Asali Baada ya Kukatwa Tumbo

Asali sikufundishwa na mtu. Shule niliishia darasa la tano, nikaanza kubeba ndoo za watu kutoka porini, baadaye nikabeba za kwangu, na leo stoo yangu ya Makanyagio, hapa Mpanda, inajulikana mpaka Dar. Waliosoma wananunua kwa kifaa cha kupima maji yaliyomo kwenye asali. Mimi nanunua kwa ulimi na koo. Unachovya kidole, unalamba, unameza, unasubiri. Asali ya kweli ikishuka inakereketa koo. Iliyochanganywa na sukari ya kuchemsha inateleza tu kama uji. Kutema hakusaidii, lazima umeze.

Nilinenepa mpaka kufunga kamba za viatu ikawa kazi ya mke wangu. Presha juu, sukari juu. Nikaenda Dar nikapunguzwa tumbo na utumbo ukaunganishwa upya. Mpanda niliaga kwamba natibiwa vidonda vya tumbo. Huku kwetu kitambi ni heshima. Nani atatangaza kwamba amelipa watu wakikate? Alijua mke wangu peke yake.

Daktari aliniambia, "Tumbo tumelipunguza, tamaa hatujaigusa." Akanionya kwamba kitu kitamu sasa kitashuka kwa kasi kwenye utumbo, na nitatetemeka, nitatoka jasho, naweza hata kuanguka. Dada wa lishe naye akanielekeza: anza na yai au samaki, kula kidogo kidogo usikae na njaa, hamu ya utamu ikija inuka ufanye kitu kingine, itapita. Mwishoni akauliza, "Unafanya kazi gani, baba?"

Nikasema biashara. Ya nini, sikusema.

Nilirudi na nidhamu ya askari. Soda sikugusa. Chai kavu. Suruali zikaanza kunivuka, nikawa natembea kutoka stoo mpaka nyumbani bila kupumzika, vijana wa bodaboda wakinishangaa. Nilijisifu mbele ya mke wangu mpaka akachoka. Lakini kila ndoo iliyoingia stoo niliionja, maana kazi ni kazi. Halafu nikaanza kuonja zilizokwisha kuonjwa. Hamu ilikuwa haitoki tumboni, tumbo lilikuwa limeshiba kwa vijiko vinne. Ilikuwa inatoka kichwani, na kichwa hawakukipunguza.

Asubuhi moja mke wangu alinikuta nimekalia ndoo, shati limelowa.

"Unatoka jasho wewe."

"Joto."

"Joto? Mimi hapa nimevaa sweta."

Wiki ileile nilipokwenda Katumba kununua mzigo alipanda gari, akasema anafuata maharage. Maharage yapo Mpanda kila kona. Alikuwa ananifuata mimi.

Mzee tuliyemwendea ni mrina asali wa siku nyingi, watu wake walikuja kutoka Burundi, na mizinga yake iko msituni kule mbele ya mashamba ya tumbaku. Alikuwa amepanga ndoo kumi na mbili ukutani, chini ya kivuli cha bati. Majirani wamekaa wanaangalia, kama kawaida. Nikaonja ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa nyeusi, nzito, ina harufu ya maua ya miombo. Nikaionja, nikaipita. Nikairudia.

"Hiyo ulishaonja, bosi," mzee akasema.

"Nahakiki."

Nikaonja ya tano, mkono ukarudi kwenye ya nne wenyewe.

"Mara ya tatu sasa. Bosi, unanunua au unakula?"

Majirani wote wakacheka. Mke wangu hakucheka. Mimi sichekwi na mtu ninayemlipa. Nikachovya vidole viwili mpaka kwenye kifundo, nikalamba huku namtazama usoni.

Haikuchukua muda. Masikio yakaanza kuvuma, moyo ukaenda kama mashine ya kusaga. Nikashika ukuta, nikakaa chini kwenye vumbi na suruali yangu nzuri. Mke wangu akanishika mabega.

Kicheko kikaisha. Jirani mmoja akasimama. "Si tuliwaambia nyie! Nyuki wake wanakula kwenye tumbaku iliyopigwa dawa!"

"Kweli asali ina sumu," mama mmoja akadakia.

Mzee akachovya kidole chake kwenye ndoo ya nne, akalamba, akalamba tena, mbele yao wote. Habari hiyo ingefika mjini kabla yetu. Mwaka mzima wa mizinga yake ulikuwa umekaa pale ukutani, na sumu nilikuwa mimi.

Mke wangu aliinama sikioni. "Sema wewe, au niseme mimi."

Nilitamani nizimie kweli. Nikasubiri moyo utulie kidogo, hautulii. Nikasema nikiwa nimekaa chini vilevile, "Asali yake ni nzima. Mimi ndiye niliyekatwa tumbo. Lilipunguzwa Dar, utamu siruhusiwi. Nimekula kwa tamaa yangu."

Wakanitazama pale kitambi kilipokuwa zamani.

Mzee akavuta pumzi. "Umekatwa tumbo, utamu huruhusiwi, na kazi yako kuonja asali?"

"Ndiyo."

"Basi fisi kaajiriwa buchani."

Wakacheka tena, na safari hii nikaona bora wacheke. Mke wangu alinipa maji kwa mafunda madogo, kisha yai la kuchemsha alilokuwa amelificha kwenye mkoba. Jasho lilipokauka, ndoo saba zilikuwa bado. Hakuniuliza. Alinawa mikono, akaenda kwenye ya sita.

"Niambie nafanyaje."

"Lamba. Meza. Halafu tulia, sikiliza koo."

Akalamba. Mate yakanijaa mdomoni, nikaweka mikono nyuma nikaishikanisha.

"Inakereketa?" nikauliza.

Akafumba macho, akasikiliza koo. Mzee alikuwa anamwangalia yeye, siyo mimi. Nikasimama pale, mimi niliyejenga kila kitu kwa ulimi wangu, nasubiri koo la mtu mwingine liniambie.