Mama wa Msasa

Mwaka wangu wa mwisho chuoni, miaka ya themanini ilipokuwa ikianza, mwalimu wa somo la uendeshaji wa kazi alitugawa makundi ya watu wanne wanne. Kila kundi litafute shirika linalosaidia watu bila kutafuta faida, alisema, lilitatulie tatizo lake la kweli. Huo ndio ungekuwa mtihani wetu.

Wakati huo nilikuwa nakaa kwa dada yangu, mtaani Umoja. Kanisa letu lilikuwa na karakana ya wachongaji walemavu karibu na barabara ya Outer Ring, nami nikalipeleka kundi letu huko kwa sababu palikuwa karibu na kitanda changu. Sikuwa na sababu nyingine. Nilikuwa nimechoka na masomo, nimechoka na kuamka alfajiri, na nilitaka kazi iishe.

Meneja alikuwa mzee mstaafu wa baraza la jiji, mtu wa kwetu magharibi. Alitupokea kwa chai.

"Wanangu, mizigo inachelewa," alituambia. "Wanunuzi wanataka vinyago kabla ya Krismasi, sisi tunapeleka Januari. Niambieni kazi inakwama wapi."

Ilikuwa rahisi kuona. Wachongaji walikuwa kumi na wawili, wengi wao wanaume kutoka Ukambani, na vinyago vyao vyote vilipita kwa mwanamke mmoja tu. Alikaa pembeni kwenye mkeka, magongo yake yakiwa yameegemea ukuta, akipiga msasa na kupaka rangi ya viatu mpaka mbao ing'ae. Wote walimwita Mama wa Msasa. Twiga na swala walikuwa wamejazana mbele yake kama watu wanaongoja daktari.

Kwa wiki nne tulikwenda kila alasiri baada ya masomo. Mwenzetu mmoja, kijana wa mtaa wa Jericho aliyependa hesabu, alikaa na saa yake akimpima.

"Si mnaona?" alituambia tukiwa njiani. "Huyu mathe ndiye anakwamisha kila kitu. Twiga moja, dakika arobaini! Zingine anaweka kando hata hajamaliza."

Mimi nilimsalimia yule mama kila siku, akanijibu kwa upole, basi. Katika wiki zote nne sikukaa naye kwenye mkeka hata mara moja.

Ripoti yetu ilipendekeza kazi yake igawiwe watu watatu, na kila mmoja awe na idadi ya kumaliza kwa siku. Tulimpa meneja nakala kabla ya kuipeleka chuoni. Alifurahi sana, akaisoma kwa sauti karakana nzima ikisikia, pamoja na ile sehemu ya dakika arobaini. Yule mama alikunja msasa wake, akautia kwenye kiondo, akavuta magongo yake na kuondoka.

Wasichana wawili wa kanisani waliwekwa mahali pake. Mzigo ulitoka mapema, meneja akatushukuru. Baada ya wiki mbili sanduku zima likarudishwa kutoka dukani mjini. Twiga walikuwa wamepasuka, wengine toka shingoni hadi mguuni. Walikuwa wamechongwa kwa mti mbichi. Wale ambao Mama wa Msasa alikuwa akiwaweka kando bila kuwamaliza, wakauke kwanza, walikuwa wa aina hiyo.

Meneja aliniita. "Nyinyi ndio mliomwandika kwenye ripoti. Nendeni mkamrudishe."

Wenzangu walisema wana mitihani ya masomo mengine. Jumamosi nilitembea peke yangu hadi mtaa wa Tena, alikokaa yule mama, nikitamani njia iwe ndefu zaidi. Nilimkuta uani akichambua maharagwe. Alinionyesha kigoda.

"Nimekuja kuomba msamaha, mama," nilisema.

"Wa nini?"

"Wa ile ripoti. Tulikosea."

Aliendelea kuchambua. "Hamkukosea kuhesabu. Mimi nafanya kazi polepole, najua. Yule kijana alinitazama na saa wiki nne. Wewe ulipita hapo ukinisalimia. Kwa nini hakuna aliyeniuliza ninafanya nini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa nimechoka na nilitaka kumaliza.

Alinitazama, kisha akanyoosha mikono yake mbele yangu. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye vifundo, na kidole gumba cha kulia hakikukunjika tena.

"Basi tumechoka wawili," alisema. "Mwaka wa tatu huu namwomba mzee aniletee msaidizi. Ananiambia ngoja. Mkaja nyinyi mkamwambia siku moja, akasikia."

Nilianza kumsaidia kuchambua, naye hakunikataza.

"Sirudi pale wakaanze kunihesabia dakika," alisema mwishowe. "Lakini hao wasichana waje hapa asubuhi. Nitawafundisha kusikia mti mbichi kwa vidole. Na mzee aje mwenyewe kuniomba, asikutume wewe."

Mzee alikwenda, japo ilimchukua siku tano kujikaza. Wasichana walifundishwa uani pale Tena, na yule mama hakurudi tena karakanani. Krismasi ile mizigo ilichelewa kama kawaida.

Kabla ya kuipeleka ripoti chuoni, niliandika upya kurasa zake za mwisho, wenzangu wakinung'unika. Niliandika kwamba kuweka kando ilikuwa nusu ya kazi yake, na kwamba hatukumuuliza. Mwalimu alisema kurasa hizo hazina takwimu, akatupunguzia alama. Sikubishana naye. Nilirudi kwa dada yangu, nikavua viatu na kulala hadi kesho yake Jumapili saa nne, bila kwenda kanisani.