Springi za Mtu Mmoja

"Mtu akikalia pikipiki yake, inafaa ishuke kiasi gani?"

Swali hilo niliulizwa na mteja siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana moja mjini Nyeri. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya uhandisi wa mitambo. Niliweza kukokotoa mtetemo wa springi kwenye karatasi, lakini hakuna mhadhiri aliyewahi kuniambia kwamba pikipiki nzuri lazima ishuke kidogo inapokaliwa. Nikamgeukia Fundi Mkuu.

"Usiniangalie mimi, Injinia," alisema. "Mimi huskia na makalio."

Mafundi wakacheka, na mteja pia. Jina la Injinia likanishika siku hiyo, na halikuwa la heshima.

Karakana yetu ilihudumia pikipiki za safari, zile kubwa zenye masanduku ubavuni, ambazo watu huzipanda kuuzunguka mlima kwa starehe: Nanyuki, Meru, Chuka, Embu, kisha nyumbani kupitia Karatina. Springi zake hutoka kiwandani zikiwa zimeundwa kwa mtu wa wastani, na mtu huyo sijawahi kumwona akiingia mlangoni. Waliokuja kwetu walikuwa wembamba kupita kiasi au wanene kupita kiasi, na kila mmoja alikuwa na mizigo yake.

Jibu la swali lile nililitafuta mwenyewe kwa miezi kadhaa, kwa kupima. Unainua pikipiki hadi gurudumu la nyuma lining'inie, unapima kutoka ekseli hadi alama juu ya kiti. Unaishusha, unapima tena. Kisha mwenyewe anapanda akiwa amevaa kila kitu, kofia, koti na buti, na masanduku yamejaa, unapima mara ya tatu. Akishakaa, iwe imeshuka karibu thuluthi ya mwendo wote wa springi. Ikishuka zaidi, watu hukimbilia kukaza ile nati ya juu ya springi, wakidhani wameifanya ngumu. Hapana. Kukaza huinua pikipiki tu. Ugumu wa springi unabaki ule ule. Ukilazimika kukaza mno mpaka pikipiki yenyewe, bila mtu, haishuki hata kidogo, basi springi hiyo ni laini mno kwa mtu huyo na dawa ni kuibadilisha.

Nilimshawishi Meneja tununue mizani ya jukwaa, ya aina inayotumika kupimia magunia ya kahawa. Alikubali kwa shingo upande. Yeye alikuwa na kanuni moja tu: kila mteja awekewe springi za watu wawili.

"Hapa kwetu hakuna pikipiki ya mtu mmoja," aliniambia. "Pita Wamagana na kiti kitupu huko nyuma uone. Mama fulani atakusimamisha na kuku wake. Utamwacha?"

"Na mteja akisema habebi mtu?"

"Ati habebi! Kwani wewe ulizaliwa wapi?"

"Tetu."

"Basi enda uulize nyumbani."

Sikuuliza nyumbani. Niliona huo ni uvivu uliovishwa nguo za mila. Springi ngumu kwa mtu mwepesi humrusharusha. Gurudumu huruka juu ya mashimo badala ya kuyafuata, na kwenye kona zenye changarawe anaweza kuanguka. Nilibishana na Meneja, nikabishana na Fundi Mkuu, na wakati wa chakula cha mchana nikala peke yangu kwenye benchi la vipuri. Nikikaribia, mazungumzo yao yalipungua kama redio iliyopunguzwa sauti. Jumamosi wateja walikusanyika uani, wakawasha mitambo na kuondoka kwa msafara kuelekea mlimani. Mimi nilibaki nikifagia. Tena kazi hii ina upweke wake: springi iliyochaguliwa vizuri mteja huisahau. Anayerudi kuzungumza nawe ni yule aliyeumia.

Ndipo akaja Daktari. Alikuwa daktari wa mifugo aliyestaafu, mjane, mwanamke mdogo wa umbo mwenye mvi zilizokatwa fupi. Watu wa mji walimjua wote. Nusu ya ng'ombe wa Tetu walikuwa wamepitia mikononi mwake. Alikuwa amenunua pikipiki ya safari, na watu walikuwa bado wanalijadili jambo hilo kanisani.

Alipanda mizani. "Usisome kwa sauti, mami," alisema.

"Sisomi. Utakuwa unabeba nani, Daktari?"

"Sibebi mtu. Naenda peke yangu."

Alilisema kwa utulivu hata nikatamani kuwa yeye. Nilikuwa na chumba cha kupanga karibu na stendi na simu isiyolia, na hapa palikuwa na mtu aliyeugeuza upweke kuwa safari. Nilimchagulia springi laini kuliko zote nilizowahi kuweka. Meneja alikuja, akabonyeza kiti kwa mikono miwili, kikazama.

"Hii ni godoro," alisema. "Ikirudi, Injinia, usiguse springi ya mtu tena hapa kwangu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bosi. Haitarudi."

Daktari akaenda kuuzunguka mlima. Nilikaa siku zile nikisikiliza kila pikipiki iliyopanda mteremko wa karakana.

Ilirudi. Shokabsoba ya nyuma, lile bomba la mafuta linaloituliza springi, ilikuwa inavuja, na kipande cha raba kinachozuia chuma kugonga chuma kilikuwa kimepondeka kama ndizi. Springi ilikuwa imebonyea hadi mwisho ikagonga, si mara moja.

"Pale Chuka kwenye matuta iligonga mpaka nikaomba Mungu," Daktari alisema.

"Ulibeba mzigo wa ziada?"

"Masanduku tu, vile ulipima."

"Na mtu?"

"Nitabeba nani mimi, mami?" Akacheka, akaangalia barabarani.

Nilimpima upya. Nikaipima pikipiki. Kila kipimo kilikuwa pale nilipokiacha. Nilishuku chuma cha springi, nikashuku mafuta, nikashuku mizani na kuipima kwa mifuko ya saruji. Mizani ilikuwa sawa. Fundi Mkuu alinitazama nikibeba mifuko hiyo, na kwa mara ya kwanza hakunitania.

"Wacha, msichana," alisema. "Utajiumiza."

Meneja aliweka springi za watu wawili kwa mkono wake. Daktari akazunguka mlima tena na tena, na hakurudi kulalamika. Hilo ndilo lililonivunja. Kama angerudi akisema anarushwarushwa, ningejua hesabu yangu ilikuwa na ukweli. Lakini springi ambazo kwa vipimo vyangu zilikuwa ngumu mno zilimfaa kabisa mwanamke mwepesi asiyebeba mtu.

Nilihamishiwa tawi la Nanyuki, kwenye kaunta ya vipuri. Meneja wa huko alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa habari zangu mapema. Niliuza mnyororo, niliuza plagi. Mteja akiuliza kuhusu springi nilimwita fundi. Jumapili nilitembea hadi mwisho wa mji na kurudi. Baada ya muda niliandika barua ya kuacha kazi, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Siku hizi nafundisha katika chuo cha ufundi. Kwa umri wangu si haki kujiita mstaafu, lakini kazi ile nimestaafu. Wanafunzi wangu nawafundisha vipimo vile vile vitatu, kwa utaratibu ule ule, ingawa kwa miaka nilivifundisha nikiwa na shaka kifuani. Waliponiuliza kama vinafanya kazi kila wakati, niliwaambia sijui. Walidhani nawatega.

Mwaka huu nilienda harusi ya binamu yangu Tetu. Daktari alikuwepo, mvi zake sasa nyeupe kabisa, na kando yake ameketi mzee mnene, mrefu, aliyejaza kiti cha plastiki hadi miguu ya kiti ikapinda. Daktari alimtambulisha kwangu kama mumewe. Walikuwa wamefunga ndoa kimya kimya, watoto wao walipokubali hatimaye.

"Kumbe ni wewe ulituwekea zile springi za kwanza!" mzee alisema, akishika kiuno. "Huu mgongo unakukumbuka, msichana wangu. Unakukumbuka sana."

"Nyamaza, wewe," Daktari alimwambia, lakini alikuwa anacheka.

Alikuwa akitoka Nyeri peke yake, watu wote wakimwona, na kumpakia mzee huyo Chaka, nyuma ya soko. Alifanya hivyo tangu safari ya kwanza.