Ng'ombe wa Kampuni

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kuwatafutia watu wengine kazi. Nilikuwa msichana tu, mkimbizi kama wao, na nilichaguliwa kwa sababu moja: nilikuwa nimesoma madarasa machache kabla ya vita, kwa hiyo nilijua Kiswahili, na Kiborana cha nyumbani nilikuwa sijakisahau.

Tulikuwa kambini, nje kidogo ya mji wa Isiolo, upande ambao mtaa wa Bulla Pesa ulikuwa ndio unaanza kuota nyumba. Ilikuwa miaka ya vita vya shifta, yaani waasi wa kaskazini. Wazee wetu huiita miaka hiyo Daaba, yaani kusimamishwa, kwa sababu kila kitu kilisimama: kuhama, kuchunga, hata kuoana. Amri ilikuja kwamba kila familia iingie kambini, na mifugo itakayokutwa porini itahesabiwa kuwa ya shifta. Siku tuliyohamishwa, ng'ombe wa baba walikuwa malishoni, mbali, kwa kuwa karibu nyasi zilikuwa zimekwisha. Aliomba aruhusiwe kuwafuata, akakataliwa. Tuliondoka na ngamia mmoja wa mizigo, na huyo naye tulimchinja kabla mvua hazijanyesha.

Kambini, baba alikaa. Sijui nilieleze vipi jambo hilo. Alikuwa mtu wa kuamka kabla ya adhana akapite katikati ya ng'ombe, ampapase huyu, amwangalie yule kwato. Sasa aliamka saa ile ile, akaswali, akakosa cha kupapasa, akakaa kwenye kigoda chake akiitazama miiba ya uzio mpaka jua likachwa. Mama ndiye aliyepanga foleni ya unga. Wadogo zangu walijifunza kutopita mbele ya baba wakicheza.

Misheni ilikuwa na mama mmoja wa Kimeru, mjane, mwenye sauti kubwa na viatu vya raba, aliyeshuka kutoka milimani kuja kugawa chakula. Yeye ndiye aliyesema unga peke yake hautoshi. "Mtu akilishwa kila siku," alisema, "mkono wake unasahau kazi." Basi akaanza kuzunguka kwenye makampuni, na mimi nyuma yake. Hakuomba msaada. Alikuwa akiketi mbele ya meneja, anakunywa chai yake yote, kisha anauliza, "Wewe hapa shida yako ni gani? Ni watu wa kazi?"

Mara nyingi jibu lilikuwa moja. "Mama, hao ni shifta."

"Shifta atasimama foleni ya unga juani tangu asubuhi? Mchukue mwezi mmoja. Akiharibu kitu, misheni italipa."

Kwa njia hiyo mkandarasi wa barabara alichukua wanaume wa kuvunja kokoto. Shamba la ngano huko Timau likachukua wengine, na nusu yao wakarudi wakikohoa kwa baridi. Mimi nilikuwa mkalimani wa haya yote. Mnyapara alipotukana, nilipunguza tusi katikati ya njia. Mzee alipojibu kwa tusi kubwa zaidi, nililipunguza hilo pia. Nilidhani kazi yangu ni hiyo, kufanya maneno yapite bila kumkwaruza mtu.

Ndipo tulipoenda kwenye ofisi ya kampuni ya mifugo. Ilikuwa ikinunua ng'ombe na kuwaweka katika boma kubwa nje ya mji mpaka malori yawapeleke Nanyuki kupanda treni. Meneja alikuwa mtu mpole mwenye kofia ya majani. Alisema wachungaji aliowaajiri ni vijana wa mjini. Ng'ombe walikuwa wakikonda mikononi mwao, wengine wakifa. Mama wa misheni alinigeukia ili nitoe maoni. Kabla hajamaliza kugeuka nilisema, "Baba yangu."

Jioni ile nilimkuta kwenye kigoda.

"Baba, kuna kazi. Kazi ya ng'ombe."

"Ng'ombe wa nani?"

"Wa kampuni."

"Kampuni ni mtu?"

"Ni watu wengi. Wameweka mali yao pamoja."

Alifikiri. "Na watu wote hao, hakuna hata mmoja anayejua kuchunga?"

Mama alicheka pale mekoni, akaziba mdomo kwa mtandio. Baba naye akatabasamu kidogo. Kesho yake alitoka getini, amenyoosha mgongo, fimbo begani, na wanaume wengine kutoka kambini wakimfuata.

Aliporudi jioni nilikuwa nikimngojea mlangoni. Nilimpokea fimbo. Nilicheka, nikaongea bila kupumua, nikamuuliza ng'ombe wako vipi, wako wangapi, wamenona?

"Ni ng'ombe wazuri," alisema. Akaomba maji ya kutawadha.

Baada ya hapo maisha yetu yalibadilika. Tukawa na sukari na majani ya chai, maziwa kutoka bomani, na Ijumaa nyama. Mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa mikono tu na tumbo, alianza kukimbia. Watu walikuja kwa mama kumpongeza kwa binti aliyemzaa. Nami nilijisikia mkubwa, siwezi kukana. Niliona kwamba baba hanywi maziwa tena, anakunywa chai ya rangi tu, nikadhani anawaachia watoto.

Hata mvua ndogo zilipokuwa zinaisha, mama wa misheni alitaka kwenda kuona watu wetu wanavyofanya kazi. Tulifika bomani asubuhi. Baba alikuwa katikati ya kundi, amesimama na ng'ombe jike mweupe mwenye pembe moja iliyoinamia sikio. Mkono wake ulikuwa chini ya shingo ya yule ng'ombe, unakuna.

Nilimjua kabla sijajua kwamba ninamjua. Ng'ombe yule nilimkamua tangu nikiwa mtoto. Alikuwa hatoi maziwa mpaka umwimbie, na ukikosea wimbo anapiga teke kibuyu. Nilitazama masikio yake: yalikuwa na mkato wa nyumba yetu. Nikatazama wa pembeni yake, na wa nyuma yake. Si wote, lakini wengi walikuwa na mkato ule, na wengine ulikuwa wa ami zangu. Wale wanaume waliotoka naye kambini walikuwa wametawanyika kati ya ng'ombe, na hakuna aliyenitazama usoni.

Nilimsogelea. "Baba, hawa ni wetu."

"Ni wa kampuni. Wewe ndiwe uliyeniambia."

"Ulijua lini?"

"Siku ya kwanza. Huyu alinijia mwenyewe, mbele ya meneja."

"Mbona hukusema?"

Aliendelea kumkuna. "Nilifika nyumbani ukacheka. Nilikuwa sijakusikia ukicheka tangu tutoke kwetu. Nikasema, nitasema kesho. Kesho yake mama yako alikuwa amepika."

Mama wa misheni aliuliza kuna nini. Kwa mara ya kwanza sikupunguza neno. Alisikiliza, akaenda moja kwa moja kwa meneja, nami nikamfuata. Meneja aliposikia alivua kofia. Alisema ng'ombe walinunuliwa kwenye mnada wa serikali, mchana, mbele za watu. Yeye hakumnyang'anya mtu, na hata hakujua kwamba wana wenyewe kambini. Nilimwamini wakati ule na bado namwamini. Alisema pia kwamba hawezi kuwarudisha, si mali yake. "Lakini wazee wakitaka kuacha kazi, nitaelewa."

Tukatoka nje. Mama wa misheni alinivuta kando, amekasirika. "Naweza kuvunja mapatano haya leo," alisema. "Niwatoe watu wote, niende nikapige kelele. Lakini mimi jioni nitakula kwangu. Wewe ni mtoto wa mwenye ng'ombe. Sema."

Niliwatazama wale wanaume. Nilifikiria miguu ya mdogo wangu. Ningeweza kwenda kumuuliza baba, alikuwa karibu kabisa, angesikia hata nikiita kwa sauti ya kawaida. Sikumuuliza. Niliogopa atasema tuondoke.

"Waendelee," nikasema.

Malori yalikuja wiki ile ile. Ng'ombe hupandishwa kwenye lori kupitia ngazi pana ya mbao, na ng'ombe wetu hawakuwahi kukanyaga mbao maishani mwao. Walirudi nyuma, wakapanda migongo ya wenzao, mmoja akavunjika mguu. Vijana wa lori walianza kuwachapa na kuwapinda mikia. Baba aliwaambia waache. Akapanda yeye kwanza, akasimama ndani ya lori, na akaanza kuimba ule wimbo wa kuwaita kisimani. Yule mweupe alinyanyua kichwa. Akaweka kwato kwenye mbao, akapanda, na wengine wote wakamfuata mpaka lori likajaa. Kisha lori la pili, vivyo hivyo. Wale wanaume wengine walisimama chini, wakaitikia wimbo, kwa sababu wimbo ule hauimbwi na mtu mmoja.

Mimi nilikuwa pale. Nilikuja kufanya ukalimani na hapakuwa na neno la kutafsiri.

Meneja alistaajabu. Alisema hajawahi kuona upakiaji wa namna ile, bila fimbo. Alimpa baba mkono, akaongeza watu kutoka kambini, na mjini akawahadithia wenzake. Hapo ndipo milango ilipofunguka. Mwenye duka la jumla akaja mwenyewe kututafuta, kisha mwenye malori, kisha mtu wa ngozi. Waliosema hao ni shifta sasa walisema, "Tunataka wazee kama yule aliyeimba." Watoto wengi wa kambi ile walikula kwa sababu ya asubuhi ile, wengine wakasoma. Leo nikipita Bulla Pesa kuna akina mama wanaosimama kunisalimia, salaam aleikum, na kuwaambia wajukuu wao kwamba huyu ndiye aliyetutafutia kazi. Naitikia salamu na kuongeza mwendo.

Baba alibaki na kampuni ile mpaka vita vikaisha, na hata baadaye. Hakunilaumu. Ningependelea anilaumu. Mara mbili nilianza kulisema jambo hilo, na mara zote mbili aliniuliza habari za watoto wangu, kwa upole kabisa, kama mtu anayemfungia mgeni mlango ili vumbi lisiingie. Maziwa hakuyarudia.

Mama wa misheni aliitwa arudi kwao kabla kambi haijafunguliwa. Nilimsindikiza mpaka penye gari. Alikuwa amezeeka kwa muda ule mfupi. Aliushika mkono wangu akasema, "Tulifanya vizuri, sivyo?" Nilisikia kwamba ananiuliza kwa kweli, kwamba naye amekuwa akijiuliza hivyo peke yake.

"Ndiyo, Mama," nikasema. Sauti yangu ilitoka laini, ile ya kazini.

Nilirudi kwenye ofisi ndogo ya misheni ya kutafutia watu kazi. Wanaume walikuwa wameshajipanga mlangoni, wa familia mpya zilizoletwa kutoka upande wa Merti, midomo imepasuka kwa jua. Niliwauliza wanajua kazi gani. Wote walisema ng'ombe. Kampuni ilikuwa inahitaji watu. Niliwaketisha, nikawauliza mkato wa masikio ya ng'ombe wao ulivyokuwa, nikawaeleza wanachoweza kukikuta kule bomani, bila kupunguza chochote. Walinisikiliza mpaka mwisho. Kisha mkubwa wao akauliza kazi inaanza lini.