Somo la Vitu Visivyokwenda

Kwa miaka yote aliyosomesha, Shemsa hakufanikiwa kumweleza mama yake kazi anayofanya. Bi Maisara alijua kuwa bintiye ni mwalimu wa chuo cha ufundi na kuwa wanafunzi wanamwogopa. Lakini mgeni akiuliza Shemsa anasomesha nini hasa, bibi alikunja uso akajibu, "Anasomesha vitu visivyokwenda." Kisha, kwa huruma ya mzazi, akaongeza, "Kitu kimetulia zake, hakiendi popote. Cha kusoma kipi hapo?"

Hakukosea sana. Somo la Shemsa lilikuwa la kani na momenti: daraja limetulia, ngazi imeegemea ukutani, na mwanafunzi aeleze nani anasukuma, nani anazuia, kila mmoja yuko umbali gani na egemeo, na kwa nini hakuna anayemshinda mwenziwe. Alilipenda somo hilo kama wengine wanavyopenda taarabu, na darasani hakuwa na simile. Mwanafunzi akileta jibu, aliulizwa swali moja tu: "Utasimama juu yake?" Anayesitasita alirudishiwa karatasi yake. Wanafunzi walimwigiza mpaka kwenye foleni ya urojo. Mmoja akisema urojo wa leo mzuri, mwenziwe anamkazia macho, utasimama juu yake? Shemsa alizipata habari hizo, akacheka.

Yeye alikaa Mpendae, lakini nyumba ya wazee ilikuwa Kiponda, Mji Mkongwe, nyumba ya mawe na chokaa yenye roshani ya mbao juu ya kichochoro. Miguu ya Bi Maisara ilikuwa imegoma ngazi muda mrefu, kwa hiyo dunia aliitazama kutoka roshani ile. Hapo ndipo alipowaona mabwana harusi wa nyumba hiyo wakiletwa, mmoja baada ya mwingine. Sasa alibakiwa na mmoja tu, mume wa Faiza, mjukuu wake wa mwisho, binti wa kaka yake Shemsa aitwaye Kheir. "Nikishamwona huyo, nshamaliza," alisema, na kila aliyemsikia alijua hafanyi mzaha.

Harusi ilikuwa Ijumaa baada ya Alasiri. Alkhamisi asubuhi Shemsa alirudi kutoka Chwaka, alikokuwa na wanafunzi kwa mafunzo ya vitendo, akapitiliza Kiponda. Alipanda mpaka chumba cha juu, akasimama. Mlango mwembamba wa kutokea roshani haukuwepo. Pahala pake palikuwa na uwazi mpana, na mwanga wa kichochoro umemiminika mpaka katikati ya chumba.

"Si pazuri?" Kheir aliuliza, kifua mbele. "Kila harusi wanawake wanabanana pale mlangoni. Safari hii watatoka kwa raha zao, hata wawe ishirini."

Palikuwa pazuri kweli. Fundi Ubwa alikuwa amepitisha boriti nene juu ya uwazi, na uzito wa nyumba ukahamia pembeni bila ufa wowote ukutani. Shemsa alimsifu Ubwa, naye alistahiki. Kisha akatazama chini. Ndani ya chumba, mbali kidogo na uwazi, sakafu ya chokaa ilikuwa na mstari mwembamba uliokwenda sambamba na ukuta.

"Ubwa, hebu toka nje mpaka kwenye ukingo. Taratibu."

Ubwa alitoka. Mstari ulifunguka, ukala ncha ya kisu alichochomeka Shemsa. Aliporudi ndani, ukafumba.

Kheir hakuelewa. Shemsa alichukua rula, akailaza juu ya meza nusu yake ikiwa nje, akamwambia kaka yake aikandamize kwa kidole. Akaweka kifutio kwenye ncha ya nje. Rula ilitulia. "Rula ndo boriti za roshani, mikia yake imeingia ndani chini ya sakafu hii," alisema. "Ukingo wa meza ndo egemeo. Na kidole chako ndo ule ukuta uliouvunja. Ulikuwa umekaa juu ya mikia ya boriti, unaikandamiza. Sasa toa kidole."

Kheir alitoa kidole. Rula ilipinduka, kifutio kikaangukia mguuni pake.

Aliokota kifutio. Alikuwa amebomoa kile hasa kilichoishikilia roshani, na papo hapo akapanua njia ya watu kuijaza. Kufanya hivyo kwa sababu ya harusi, watu wa Mjini tu ndio tunaweza.

"Basi tuifunge," alisema kwa sauti ndogo. "Ntamwambia mama."

Wote watatu walitazama upande wa chumba cha pili, ambako Bi Maisara alikuwa akijaribu buibui lake jipya na kumuuliza mtu kama litaonekana vizuri kutoka chini. Hakuna aliyeinuka kwenda kumwambia. Kuujenga ukuta upya kulikuwa hakuna maana, kwani chokaa mbichi ya siku moja haikandamizi kitu. Nguzo za chini nazo hazikufaa. Kichochoro chenyewe watu wawili wakipishana mmoja hugeuka ubavu, na bwana harusi atapita hapo hapo.

Kheir akapata wazo. Si chumba kitajaa wanawake? Wakalishwe juu ya mikia ya boriti, uzito utakuwepo.

"Na bwana harusi akifika?"

Akifika, wote watakimbilia nje. Uzito ule ule uliokuwa ukikandamiza ndani utavuka egemeo, ukaanze kupindua. Shemsa alitaka uzito usio na hamu ya kumwona bwana harusi.

Mawe ya ukuta uliovunjwa yalikuwa bado uani.

Alivuta karatasi. Wanawake wote aliwaweka ukingoni kabisa, penye hatari kubwa, kila mmoja akamhesabu kilo mia. (Baadaye habari ilivuja, na shangazi wawili hawajamsamehe hadi leo.) Momenti aliyoipata, yaani nguvu ya kupindua, akaizidisha mara mbili, kisha akatafuta mawe ya kuishinda. Kheir alitaka yapangwe karibu na uwazi, yasile nafasi. Shemsa alikataa katakata. Jiwe lililo karibu na egemeo halina nguvu. Lipeleke mbali, kule mikia inapolala juu ya boriti iliyokingama, na jiwe lile lile linafanya kazi ya mawe matatu. Ubwa alichimbua sakafu kidogo, akakagua boriti zote mpaka kwenye ncha, akagonga kila moja kwa nyundo na kusikiliza. Nzima. Mpaka Magharibi mawe yalikuwa yamepanda, yamepangwa kama baraza ukutani, juu yake mkeka na mito. Jirani aliyeingia alisifu baraza la kienyeji.

Ubwa alitoka tena ukingoni, safari hii na Kheir na vijana wa mtaa waliobeba mawe, wakarukaruka. Shemsa alikuwa amepiga magoti, kisu mkononi. Mstari haukufunguka.

Ijumaa, dufu lilisikika kutoka upande wa msikiti, na chumba kikawa hakina mtu. Walitoka wote kwa mkupuo, asumini mikononi, vigelegele, viwiko. Bi Maisara alipitishwa mbele kabisa, akashika ukingo kwa mikono miwili. Shemsa alibaki ndani, macho sakafuni. Alikuwa na hakika, na pia alikuwa na hofu; mama yake yuko pale, na hesabu ni yake.

"Shemsa!" Bi Maisara aliita bila kugeuka. "Shemsa, we!"

"Naam."

"Umekaa ndani una nini? Njoo huku!"

Angeweza kusema nje kumejaa. Lakini nafsi yake ilimuuliza swali lile lile alilowauliza watoto wa watu kwa miaka, na lilimtia aibu. Alinyanyuka, akavuka mstari, akapenya katikati ya shangazi zake mpaka ubavuni kwa mama yake. Chini, bwana harusi aliinua uso, kijana wa watu jasho linamtiririka, na Bi Maisara akammwagia asumini zote alizokuwa nazo.

Vigelegele vilipopungua, bibi alimwinamia bintiye. Kheir, asiyejua kuweka siri, alikwisha kumwambia kila kitu tangu asubuhi.

Bi Maisara aligonga mbao kwa mguu wake mbovu, mara moja, kwa nguvu zote alizonazo.

"Haikwenda," alisema.

"Haikwenda, mama."

"Ndo unachosomesha hichi?"

"Ndo hichi."

Bibi aliushika mkono wa Shemsa, wakabaki pale ukingoni wakitazama kichochoro kikijaa watu.