Limepata Moto

Ipo harufu moja ambayo ikinifikia mpaka leo naacha kila ninachofanya. Si ya moshi wa kuni, wala ya wali ulioshika chini ya sufuria. Ni harufu ya mota inayoungua, rangi ya waya ikiyeyuka, tamu kidogo, na ikishaingia kooni haitoki. Juzi niliisikia kwa jirani yangu anayeuza juisi. Mashine yake ya kusagia ilikuwa inakoroma na maembe magumu, naye ameukandamiza mfuniko kwa mikono miwili, anacheka, ananiambia, "Subiri dada, ndiyo kwanza inapata moto." Nilichomoa waya ukutani bila kumwomba ruhusa. Alinuna, nami sikumweleza kitu. Ninyi nitawaeleza, maana jambo hili nimekaa nalo muda mrefu na bado linanichoma.

Nilizaliwa juu ya Lushoto, kwenye mgongo wa mlima ambao mwezi wa saba unafungua mlango asubuhi na huioni migomba yako mwenyewe kwa ukungu. Malori machache yaliyopanda kutoka Mombo yalilala huko juu, na kulipopambazuka madereva waliyawasha, wakafunika rejeta kwa gunia, wakakaa pembeni kunywa chai. Ukiwauliza mbona hawaondoki, jibu lilikuwa moja: "Liache lipate moto kwanza." Hivyo tulikua tukijua kwamba moto ni uzima. Ngoma ikinoga imepata moto. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa akiyafukia mawe ya tochi, yaani betri, kwenye jivu la jikoni ili yapate moto, na kweli yakitoka hapo tochi iliwaka tena kidogo. Nani angetuambia kwamba kuna kitu duniani ambacho moto unakiua?

Alikuja kutuambia Mjomba Elia, mdogo wake mama, ambaye serikali ilimpeleka ng'ambo kusomea mitambo. Alipokuja likizo aliniletea lori. Lilikuwa na urefu wa mkono wangu, jekundu, la plastiki nene, na halikuvutwa kwa kamba kama magari ya maboksi tuliyojitengenezea. Lilikuja na kisanduku chenye mlingoti wa chuma. Ukisukuma kijiti cha kwenye kisanduku, lori linaondoka peke yake kule liliko, hakuna waya, hakuna mkono. Bibi alipoliona mara ya kwanza alikunja miguu juu ya kigoda na kuomba kwa Kishambaa, sala ndefu. Baba zangu wadogo waliuliza kwa nini kitu kama kile apewe msichana. Mjomba akasema, "Kwa sababu huyu ndiye anayeuliza maswali."

Kabla hajanikabidhi alilipindua, akafungua tumbo lake na kunionyesha mota, kitu kidogo cha bati kinene kama kidole gumba cha mtu mzima. "Injini ya dizeli ukiipa moto kidogo inafurahi," aliniambia. "Hii ya umeme haifurahi hata siku moja. Ikipata moto inakufa." Akanifundisha kuling'oa nywele na nyuzi zinazojiviringa kwenye ekseli, maana hizo ndizo zinazolibana likajitaabisha bure. Akanifundisha kutia tone la mafuta ya cherehani, si zaidi. Likikwama, achia kijiti hapohapo. Ukikishikilia, umeme unaingia na magurudumu hayazunguki, nguvu yote inageuka joto. Lisipande kilima na mzigo. Likikimbia kidogo, lipumzishe. Kisha akachoma msumari motoni na kutoboa matundu kwenye plastiki juu ya mota, ili upepo upite. Bibi hakuyapenda matundu yale. Alisema gari la watu litapata kichomi, na kila nilipokwenda shule aliyaziba kwa vitambaa, nami nikirudi nayazibua.

Kipimo chetu kilikuwa kiganja. Mjomba aliushika mkono wangu akauweka chini ya tumbo la lori. "Ukiweza kukiacha kiganja hapa, endelea kucheza. Kikijiondoa chenyewe, simama. Gari hili halijui kusema nimechoka. Utalisemea wewe." Kisha akarudi masomoni, na mimi nikabaki msemaji wa lori. Nililitunza, nawaambia. Watoto wa kijiji kizima walilicheza, na yeyote aliyeshikilia kijiti wakati limekwama nilimpiga konzi, hata aliyenizidi umri.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamishwa watu kwenda vijijini. Kwetu amri ilikuwa kwamba tunaokaa juu mgongoni tushuke bondeni, kando ya barabara, tujenge kwa mistari. Baba alikuwa na mahindi mgongoni bado mabichi, na makingo ya mawe aliyoyapanga tangu ujana wake ili udongo usishuke na mvua. Nilimwona akienda kila mara ofisini kwa katibu wa tawi, amevaa koti lake la kanisani, na kila akirudi alilivua taratibu na kulitundika. Sikujua anafuata nini huko. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, nami nilikuwa na lori.

Katibu alizisikia habari za lori hilo, akaja mwenyewe nyumbani. Alisema Sabasaba watakuja wageni kutoka wilayani, na kijiji kimeahidiwa lori la kubebea mazao, kwa hiyo lori langu litaonyeshwa ili watu wajue maendeleo yanafananaje. Hakuniuliza mimi. Alimwuliza baba, na baba akasema, "Hakuna neno, Ndugu Katibu." Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira, kisha nikasafisha ekseli na kutia mafuta, maana nilijua linakwenda kuteswa.

Siku yenyewe ukungu ulikuwa umekaa mpaka karibu na mchana. Watu walijaa uwanja wa shule, wageni wamekaa jukwaani wamejifunika mablanketi juu ya suti. Kutoka uwanjani kwenda jukwaani pana mteremko wenye majani. Katibu akaamuru lori lipande pale, likiwa na viazi mviringo. Nikadhani viwili. Alivijaza mpaka vikadondoka, akaongeza na kabeji moja ndogo juu, watu wakacheka. Mwisho akanipokonya kisanduku mkononi, akasukuma kijiti mbele mpaka mwisho.

Lilipanda. Sijui lilipata wapi nguvu, lakini lilipanda, na watu wakaanza kuimba. Katikati ya mteremko majani yakaingia kwenye ekseli. Magurudumu yakasimama, na mota ikawa inalia sauti nyembamba ya mbu. Katibu hakuachia kijiti. Nilikimbia nikapiga magoti, nikaweka kiganja chini ya tumbo lake, na kiganja kikajiondoa chenyewe.

Hapo ndipo niliposema lile neno. Nikamgeukia Katibu, nikapaza sauti ili anisikie juu ya nyimbo: "Ndugu Katibu, limepata moto."

Alitabasamu. Akageukia umati, akainua mkono wenye kisanduku. "Mmemsikia mtoto? Limepata moto."

Watu wakapiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Nikasema tena, "Limepata moto, limepata moto," nami nalia sasa, na kila nikisema wanazidi kushangilia, na Katibu anazidi kukandamiza kijiti kana kwamba kitatokeza upande wa pili. Nilikuwa na neno moja tu la kuliokoa lori langu, na neno hilo kwa watu wote wa mlima ule lilikuwa la furaha. Ningesema linaungua. Ningesema linakufa. Mimi ni mtu mzima sasa na bado nalala na kuamka nikitafuta neno ambalo lingemfanya mtu yule aachie kidole chake, na nadhani halikuwepo, maana hakuwa anasikiliza.

Moshi ulitokea kwenye matundu, mwembamba, wa buluu. Kisha ile harufu. Nyimbo zikakatika upande mmoja wa uwanja baada ya mwingine. Mgeni mmoja jukwaani akasema, si kwa ubaya, "Naona maendeleo yenu yanatoa moshi, Ndugu Katibu," na wenzake wakacheka.

Katibu alipanda mpaka lilipokwama, uso umemvimba. Aliliokota lori, viazi vikabingirika, akaligeuza huku na huku akitafuta wa kumbebesha aibu yake. Akayaona matundu.

"Limetobolewa," alisema kwa sauti ya kuwafikia wageni. "Angalieni. Limetobolewa makusudi. Hii ni hujuma. Nani katoboa?"

Nilifungua mdomo kusema Mjomba Elia, na kusema kwa nini, maana nilikuwa najua kwa nini. Nikahisi mkono shingoni. Ulikuwa wa baba. Alikuwa amenifikia sijui saa ngapi, na kiganja chake kilinikandamiza kichwa chini.

"Ni mtoto huyu, Ndugu Katibu," alisema. "Alilichezea vibaya. Omba radhi, mwanangu."

Nikakaza shingo. Akakandamiza zaidi. "Omba radhi."

Nikaomba radhi. Mbele ya shule nzima, mbele ya wale niliokuwa nawapiga konzi, niliomba radhi kwa matundu yaliyokuwa kitu pekee cha akili kwenye uwanja ule. Katibu alikohoa, akasema vijana wafundishwe kutunza mali, akanirudishia lori. Mkutano ukaendelea.

Sikusema na baba majuma mengi. Nilimwandalia maji ya kunawa, nikamwamkia shikamoo kama inavyotakiwa, zaidi ya hapo hakupata kitu kwangu. Yeye naye hakunieleza. Siku moja aliondoka na ile mota mfukoni, akashuka kwa miguu mpaka Mombo kwa fundi wa redio, akarudi amechoka mavumbi yamemfika magotini. Fundi alikuwa ameisuka upya kwa waya wa redio mbovu, lakini aliisuka kinyume: ukisukuma kijiti mbele, lori linarudi nyuma. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi, akasema sasa limekuwa Mshambaa kweli, limekataa kuhama. Baba alinitazama kuona kama nami nitacheka. Sikucheka. Niliona anataka kuninunua.

Baba alikwisha kutangulia mbele ya haki wakati mama aliponiambia. Tulikuwa tunachambua maharage, nami nikaitaja ile Sabasaba kwa uchungu wangu wa siku zote. Mama akaacha mikono kwenye ungo. Akasema siku ile katika koti la baba palikuwa na ombi la kubaki mgongoni mpaka tuvune, na wa kulikubali alikuwa Katibu. Akasema pia kwamba ningemtaja Elia, pengine asingemaliza masomo yake. "Yale mahindi mliyokula mwaka ule," aliniambia, "mlikula samahani yako."

Tulivuna, kisha tukashuka. Makingo ya baba yalibomoka kwa mvua mbili tatu. Katibu naye amekufa, na nasikia mazishini alisifiwa sana. Sikwenda, na sijutii. Hasira niliyokuwa nayo kwa baba nilimpelekea yeye yote, na kwake itabaki.

Ila kile kiganja shingoni sikiachi. Mimi ndiye niliyefundishwa kupima. Nilijua kiganja kinavyosema, na kile cha baba kilikuwa cha moto, mwezi wa saba, kwenye ukungu, kikitetemeka kwa mtetemo uleule niliotoka kuushika chini ya lori. Niliuhisi vizuri kabisa, nikadhani ni ukali. Naye hakujua kusema nimechoka, na pale uwanjani hapakuwa na mtu wa kumsemea.