Siku Nilikataa Kumubana Direkta

Bandugu, ile haya iko na miye mpaka leo, na kama nawaelezea ni juu mutaisikia tu kwa yaya Kasongo, ndugu yangu mukubwa, na yeye anaongezaka chumvi.

Ilikuwa siku ya Mungu, kisha misa, mu cercle, ile kilabu ya kompani ya shaba, tuko bane ku meza ya karata, tunacheza bridge: miye na yaya yangu pamoja, Citoyen Directeur, mukubwa ya kompani, ku kushoto, na ku kuume ingénieur Mukalayi, muntu ya kimya. Ku mulango yaya alikuwa ameniambia: «Uchunge akili. Direkta anatafuta chef ya usalama kule mu mine ya Kipushi, na anataka kukupima.» Kipushi, ni kusema nyumba ya kompani, ya vyumba ine, na siye tulikuwa bantu munane mu vyumba mbili (mama yangu alilalaka mu cuisine, pembeni ya makala).

Basi nikatangaza kama nitashinda mara kumi na mbili juu ya kumi na tatu. Yaya akalaza karata zake wazi mu meza na akafunga kinywa, sheria njo inasema vile, miye njo nacheza za sisi bawili. Nikahesabu: kumi na moja iko hakika. Ya kumi na mbili ingetoka tu kwa kubana: unatoa karata zako kubwa moja moja mpaka mwenye kuchunga rangi mbili anakosa ya kutupa, anaachia moja kwa nguvu. Na nani alikuwa anachunga mbili? Direkta alitangaza rangi ya karo tangu mwanzo, na rangi ya kere haikuwa kwa Mukalayi, alikuwa ameshatupa zake zote (hata kipofu angeona). Ilikuwa kumubana Direkta, basi.

Lakini miye, mujinga ya bajinga, nikamwangalia mu abacost yake, ile koti ya bakubwa, jasho ku paji, bibi yake nyuma anaangalia, nikajiambia: muntu anataka kukupa kazi, na weye unamufinya mbele ya bantu? Nikatupa ile karo ya yaya ku meza, yenye ingemubana Direkta, nikachunga rangi ya trefle, nikaenda kumubana Mukalayi, maskini, hakuwa na kitu! Yaya akakohoa. Akakohoa tena, mpaka boyi ya cercle akamuletea maji. Direkta akatupa karo zake polepole, akabakia na kere, na ile kere njo ilituangusha.

Akageuza karata.

«Ulijua kama ni miye nachunga?»

«Ndiyo, Citoyen Directeur.»

«Na juu ya nini hukunibana?»

Nikafikiri heshima itaniokoa. «Baba, miye mutoto yenu, nitawabana namna gani mbele ya bantu?»

Cercle yote ikacheka. Yeye hakucheka.

«Kule chini ya udongo,» akasema, «natafuta muntu ya kuniambia: pandisha bantu, jiwe linapasuka, hata kama miye nasema batoe shaba kwanza. Weye utaona ufa, utanyamaza juu ya kuniheshimu.»

Akanishika mukono muzuri kabisa, akaenda. Kisha juma moja Mukalayi njo akahamia Kipushi, mu ile nyumba ya vyumba ine.

Tangu pale, muntu akikaa mbele yangu na karata, hata padri, hata baba mukwe, namubana mpaka anatoka jasho, sina huruma tena. Mama yangu angali analala pembeni ya makala.