Pua ya Tumu

Mambrui mwaka wa themanini na sita, mtu asiyejua pilau la Tumu alikuwa haalikwi harusini, na asiyealikwa ajichunguze mwenyewe. Tumu alipika masufuria ya kushibisha mtaa mzima, lakini sifa yake kubwa ilikuwa pua. Huwa yuwachagua mchele, mara ashtuke: "Chaungua." Huyo jikoni. Watu wakasema moto haujawaza kuunguza, Tumu keshajua.

Kumbe akifunua, wali umetulia zake. Ile harufu ilimjia yeye peke yake, tumbo likimpanda kifuani, kisha akaduwaa kama sanamu. Siri hiyo akaificha. Mpishi anusaye kisichokuwepo, nani atamwita?

Siku ya harusi ya binti wa Badi, harufu ikaja, haikuondoka. Tumu akaanguka kando ya mafiga, viungo vyamrukaruka, povu mdomoni, leso imeshika moto. Wenziwe wakatimka, maana waliamini ukigusa povu la kifafa, chakuhamia. Mastura, mwenye ulimi mkali kuliko kisu chake cha vitunguu, ndiye aliyeongoza mbio. Uani akabaki Wanjira, muuza viazi wa kutoka bara, aliyechekwa kila siku kwa Kiswahili chake. Akamvuta Tumu kwa miguu, akazima leso kwa maji ya kuoshea mchele, akamlaza ubavu hadi alipozinduka.

"Mama, hii si jini," akamwambia. "Ndugu yangu alikuwa nayo. Twende hospitali."

Tumu alisita, lakini harusi zilipopita bila mtu kubisha mlangoni pake, akafuatana na Wanjira mpaka Malindi. Daktari Joram akamuuliza kama utotoni alipata degedege. Alipata, tena ndefu, mamake akidhani kashamzika.

Joram akaeleza polepole. Ndani ya ubongo mna kipande kilichojikunja kama yule samaki mwenye kichwa cha farasi. Ndicho kitunzacho kumbukumbu, na kimepakana na penye kujua harufu. Huenda degedege iliua baadhi ya chembe za neva mle. Zilizosalia, kuona majirani hawapo, zikachipua matawi kutafuta wa kushikana naye, zikaishia kushikana zenyewe kwa zenyewe. Habari ikitoka, yarudi pale pale na nguvu zaidi. Na kila anguko huenda likachipuza matawi mengine. Wataalamu ndio kwanza wanayaona haya kwa panya.

Tumu akafikiri. "Yaani kichwani mwangu muna umbea wa Mambrui. Mtu anong'ona moshi, neno lapita kwa shoga hata shoga, likirudi kwake nyumba yaungua."

Joram akacheka, akasema ndivyo, ila vidonge atakavyompa havitakata matawi. Vitawatuliza wambea tu, basi asiache kumeza hata siku moja.

Alimeza. Mwanzo alisinzia kama paka aliyeshiba, kisha akachangamka. Harufu ikaadimika, mwisho ikakoma. Hapo ikamwingia hofu mpya: je, na pua yenyewe imekwenda nayo?

Ilipojulikana Tumu haanguki tena, Mastura akaja, macho chini, kumuomba ampikie harusi ya mwanawe. Tumu hakumsuta. Alikubali, kwa sharti Wanjira akae naye jikoni.

Siku hiyo pilau limepaliwa makaa juu, wao wawili wamenogewa na soga, harufu ikaja. Tumu akaganda. Akangoja tumbo limpande. Halikupanda.

"Wanjira," akasema kwa sauti ndogo, "wasikia kitu?"

Wanjira akanusa. "Nasikia, mama. Imeungua kabisa."

Mastura naye akaita kutoka barazani: "Tumu, huko mumelala? Pilau laungua!"

Tumu akamkumbatia Wanjira, akalia, Alhamdulillahi haikatiki kinywani, ukoko nao wazidi kushika. Wageni walipolalamika kuwa pilau la leo lanuka moshi, yeye alipita na sinia akicheka, awauliza mmoja mmoja: "Nawe waisikia? Haya, Mungu akubariki, kula."